Masale Niliyoyahamisha

Kilema, Jumapili jioni

Manka mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hatakuachia mpaka umalize sufuria. Basi nina muda wa kuandika. Nimekaa jikoni kwenye kile kigoda kifupi, daftari liko magotini, na ukiona mwandiko unapanda na kushuka usiseme mama amezeeka. Sema moshi.

Mambo ya sweta, dawa ya mafua na namna ya kuishi na mwenye nyumba huko Songea sitayaandika. Wewe ndiye umekuwa ukinifundisha mimi kuishi na watu tangu ukiwa darasa la nne. Nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilitaka kukuambia Jumanne ulipokuwa unasukwa nywele, nikashindwa. Ijumaa nikaanza, ukapigiwa simu, nikamshukuru Mungu kwa ile simu. Mdomo wangu nimeshaujua, ni mwoga. Kwa hiyo kazi nimeuachia mkono.

Unaondoka hapa na jina la msaliti. Hunisimulii, lakini nasikia. Wale vijana ulioandika nao barua za kupinga barabara, hakuna hata mmoja aliyekuja kukuaga. Nimeambiwa pia walichoandika kwenye lile kundi lenu la simu, kwamba umeuza msitu wa mababu kwa kuwa barabara itapita kwenye migomba ya mama yako na mama yako atalipwa fidia. Juzi ulikuwa unachambua mchicha nje, nikaona unafuta macho kwa kiganja, nikajifanya natafuta kisu. Ulipopangiwa kufundisha Songea ulisema umefurahi kwa sababu ni mbali. Mtoto wa kwangu, afurahie kuwa mbali!

Hukumsaliti mtu. Aliyewasaliti ni mimi, na wewe nilikusaliti pamoja nao.

Ngoja nianze mwanzo, maana ukiujua mwisho kwanza utanichukia upesi mno. Chukua muda wako.

Baba yako alipougua ulikuwa na miaka sita. Alishushwa kwa machela, wanaume wanne, katikati ya matope ya vuli, na akakata roho kabla hawajafika pale gari lilipokuwa linasubiri. Kwa hiyo usidhani mama yako ana chuki na barabara. Ningekuwa na uwezo ningeichimba kwa mikono. Ulipochora kwa penseli ile njia nyingine inayozunguka nyuma ya shule, nilifurahi moyoni, kwa sababu hukusema barabara isije. Ulisema isipite juu ya wazee.

Baba yako alituachia kihamba kidogo, hili shamba la ukoo. Kahawa ilikuwa imezeeka, na migomba ilikuwa inatosha kula bila kubaki ya kupeleka sokoni. Upande wa juu tunapakana na msitu wa Mringaringani. Siku hizi unaujua kuliko mimi, kwa yale uliyosoma: kwamba humo wamelala waliochimba mfongo wetu, mfereji unaoshusha maji ya mlimani mpaka nyumba za bondeni, tangu kabla misheni haijafika hapa. Wao wenyewe waliuzungushia masale. Na sale kwetu si mmea wa kuchezea. Ndilo linaloonyesha mpaka wa mtu na mtu, na wa walio hai na waliokufa. Nililelewa nikiambiwa kwamba mwizi wa mbuzi husamehewa, lakini anayehamisha masale hana wa kumzika.

Mimi niliyahamisha.

Ilikuwa Jumapili ya Matawi, miezi michache baada ya mazishi. Nilikutuma kanisani na Mama Aneti, jirani yetu, nikamwambia nina homa. Nilijua siku ile hakuna atakayebaki nyumbani. Nikachukua panga na jembe, nikapanda juu. Mashina kumi na moja, Manka. Nikayakata, nikayang'oa mizizi, nikayapanda upya hatua ishirini ndani ya msitu. Ulikuwa mwezi wa mvua, na sale unalijua, ukilichomeka tu linashika. Mliporudi kutoka misa ulinikuta naosha miguu. Ulinipa tawi lako niliweke juu ya mlango ili nyumba ibarikiwe. Nililiweka. Mwaka uliofuata nilikuwa na migomba kwenye zile hatua ishirini, na ada yako ya shule, sare zako, na ile miwani ya kwanza, vilitoka hapo. Sikuambii hili ili ujione na deni. Nakwambia kwa kuwa ndiyo sababu niliyojipa kila mwaka, nikaona inatosha.

Sasa kuna jambo jingine. Yale mawe matatu yaliyo katikati ya migomba ile, uliyokuwa unakalia ukimenya maharage. Uliniuliza ni mawe ya nini, nikakwambia baba yako alikuwa anayanolea panga. Si ya kunolea. Mama mkwe wangu alinionyesha mara moja tu, wiki niliyoolewa, kama naye alivyoonyeshwa na mkwewe. Ni makaburi ya ndugu watatu waliouchimba mfongo. Na chini ya lile la kati, hatua chache kuelekea bondeni, ndipo mwingilio wa mfongo ulipo, umefunikwa kwa mawe bapa na udongo. Maji tunayokunywa yanapita pale. Nilikuacha ukae juu yao, ukiimba, ukirusha maganda. Sikuwahi kukwambia inuka, maana ningekwambia inuka ungeuliza kwa nini.

Kosa lile lilikuwa la njaa, na naamini Mungu anaijua njaa ya mjane. Mengine yaliyofuata hayakuwa ya njaa.

Walipokuja wale wataalamu wa mambo ya kale na mashine yao ya kupimia, ulikuwa sekondari ya bweni. Wazee waliokuwa wanajua walikuwa wamekwisha kufa, wengine wameshikwa na usahaulifu. Mwenyekiti aliwaleta kwangu kwa kuwa ndimi jirani wa msitu. Niliwachemshia chai. Nikawatembeza mwenyewe, sale kwa sale, wakabonyeza mashine yao, wakaandika. Kijana mmoja wao, mstaarabu sana, akaniuliza kama huu ndio mpaka wa asili. Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Baadaye likaja bango kwamba eneo lote lililo ndani ya masale ni urithi wa taifa na hakuna ruhusa kukata hata tawi. Nikajisemea, afadhali, sasa hakuna atakayeuliza tena. Kumbe nimewafungia wale ndugu watatu nje ya mlango wao wenyewe.

Barabara ilipoletwa, barabara ya kupandisha watalii kwenye hoteli za juu, ulisimama kuliko wanaume wa kijiji hiki. Wenye barabara walisema watahifadhi msitu, hawatagusa ndani ya mpaka, watapita pembeni, kwenye shamba la Mama Manka. Ndipo ukaitishwa ule mkutano pale shuleni.

Unaukumbuka kwa upande wako. Ngoja nikwambie wa kwangu. Nilikaa benchi la tatu, nyuma ya wanakwaya. Meku Ndesario akasimama. Kwangu ni meku kweli, mzee wa kumpa shikamoo kabla hajafika, lakini kwa watu wengi alikuwa mzee aliyetumia maisha yake Holili akipakia mizigo mpakani, akarudi uzeeni kutuchosha na habari za zamani. Alisema alipokuwa mtoto alikuwa anawapelekea maji wazee wakisafisha mwingilio wa mfongo, na mwingilio ule ulikuwa ndani ya masale. Akasema, "Leo naonyeshwa ramani, naambiwa uko nje. Ama mfongo umetembea, ama masale yametembea."

Watu wakacheka. Injinia wa barabara naye akacheka, kwa adabu.

Wewe hukucheka. Ukageuka, ukanitafuta kwa macho mpaka ukanipata, ukauliza mbele ya wote, "Mama, wewe ndiye unaishi pale. Masale yaliwahi kuhamishwa?"

Nilikuwa na nafasi, Manka. Ilikuwa ndefu kuliko unavyodhani. Niliweza kuona kucha za dada aliyekaa mbele yangu. Nikafikiria ukoo, kwamba mwanamke aliyeolewa akihamisha masale ya ukoo ananyang'anywa kihamba. Nikafikiria kaburi la baba yako liko humo humo. Nikafikiria Krismasi, watu wote wanapanda kutoka Dar na Arusha, na wewe huna pa kupanda. Hayo yote nikayafikiria. Sikukufikiria wewe uliyekuwa umesimama pale unasubiri.

Nikasema, "Hapana. Nimeyakuta pale pale."

Ukaniamini. Hapo ndipo ninapokwama kila nikijaribu kulala. Mwingine angeendelea kubishana, angesema mzee na aachwe atuonyeshe. Wewe kwa ule ukweli wako usio na kona ukamgeukia Meku, ukampa pole kwa heshima, kisha ukawaambia watu kwamba kama masale yako palepale, basi kwa haki hatuna hoja tena ya kuzuia njia ile. Mkutano ukaisha. Ulichofanya kilikuwa cha haki kabisa, isipokuwa kilisimama juu ya neno langu. Wenzako wakaona umenunuliwa. Siwalaumu, hata mimi ningeona hivyo.

Sasa sikia hili la Meku, hulijui, ulikuwa umeshuka Moshi kufuatilia barua yako ya ajira. Alikuja peke yake na fimbo yake, akapumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Nilimpa kiti, akakaa. Nikamletea mtori, akakataa kuugusa. Akatoa mfukoni jani la sale, amelifunga fundo. Akanyoosha mikono miwili. Akasema, "Mama Manka, mbele ya watu nimemsema marehemu mumeo kama mwizi wa ardhi. Nimekosa. Nisamehe."

Unajua mila yetu. Ukiletewa sale huwezi kukataa, hata kama aliyelileta amekuulia mtoto. Na huyu hakuwa amekosa lolote! Nilipaswa kupiga magoti mimi. Badala yake nikalipokea, kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na nikasema, nimekusamehe, Meku. Nikamsamehe! Ndipo akala. Akamaliza bakuli, akashukuru, akasema ule mtori unamkumbusha wa mama yake. Nikamsindikiza mpaka njia panda. Alipogeuka nilirudi ndani nikaliosha bakuli lake.

Katika maisha yangu nimeiba hatua ishirini, nimesema uongo mara mbili mbele ya watu, lakini lile jani ndilo zito kuliko vyote. Mengine niliyafanya kwa njaa na kwa woga. Kwa lile nilimvua mzee ukweli wake mwenyewe, nikamwacha aende nyumbani akidhani kumbukumbu zake zimeoza.

Hata hapo sikusema. Ningekudanganya nikisema dhamira ilinishinda siku ile. Haikunishinda. Nilijizoeza. Mtu anazoea, Manka, hilo ndilo linalotisha. Asubuhi unaamka unakamua ng'ombe, unakata majani, jua linazama, na uongo wako umekaa tu pale kwenye kona, hauombi hata maji.

Kilichonishinda ni wewe, jana. Ulikuwa unakunja nguo. Nilikuuliza kama watu wanakusema bado. Ukasema, tena bila uchungu, "Waseme tu. Cha maana mama yangu hakunidanganya." Ukaendelea kukunja. Mimi nikatoka nikaenda bandani, nikamshika ng'ombe shingoni, nikalia mpaka akaacha kutafuna.

Nikisema nikupe ushauri utacheka, na una haki. Nakupa kimoja tu nilichokinunua mwenyewe. Huko uendako, mzee akisema kitu na watu wakamcheka, usimalizie kwenye kikao. Mwambie twende ukanionyeshe. Tungekwenda hatua mia mbili tu na Meku siku ile, angeyaona mawe. Na mtu akikutolea ushahidi wa neno lake tu, mpime, hata kama ni mama yako aliyekuzaa. Hasa kama ana cha kupoteza. Sikusemi kwa kuniamini, mtoto atamwamini nani? Nasema tu kwamba mapenzi hayakuwa kipimo, nami nililijua hilo nikalitumia.

Leo baada ya misa nilimfuata mwenyekiti. Nilimwambia barabara isianze mpaka watu wakutane shambani kwangu. Akaniambia, Mama Manka, umechelewa, greda limeshalala pale shuleni, kesho saa moja asubuhi wanaanza na kipande chako. Nikamwambia basi hiyo hiyo saa moja, na Meku Ndesario awepo, na wazee wa ukoo wote, na wale vijana. Akauliza kuna nini. Nikamwambia atakisikia huko. Ile karatasi ya fidia iko kabatini chini ya shuka za wageni, sijaitia sahihi na sitaitia.

Sijui kama itasaidia. Injinia anaweza kusema ramani ni ramani, na mwanamke mmoja aliyekiri kuwa mwongo si shahidi wa kutegemewa. Angekuwa na hoja. Nikifikiria lile jino la chuma likishuka juu ya jiwe la kati nainuka kigodani. Lakini nitakuwa nimefyeka majani, mawe yataonekana, na Meku atawaonyesha mwingilio. Yeye anajua unapofunguka. Kama wataendelea, wataendelea huku wanajua, na wewe una hii barua. Nimeitia tarehe na sahihi nyuma ya kila ukurasa. Ipige picha, ipeleke popote ulipokuwa unapeleka zile nyingine.

Kuhusu ukoo, liwalo na liwe. Huenda ukija Desemba usinikute hapa, unikute kwa mjomba wako huko Uru. Kaburi la baba yako hawatakukataza, hilo najua, nimemuuliza padri kwa mafumbo. Nyumba inaweza kwenda. Nasikitika, Manka. Nasikitika sana, maana nilifanya yote ili ubaki na nyumba, na sasa ni mimi ninayeitoa. Sikuombi ruhusa. Nikikuomba utaniambia, mama acha, yameshapita, kwa sababu una huruma, nami nitakubali haraka sana.

Wala sijakuwekea jani la sale humu ndani. Nililikata mchana, nikalifunga fundo, nikaliacha mezani. Ukiliona utalazimika, na nimeshakulazimisha vya kutosha. La mezani ni la Meku. Wewe ukinisamehe, unisamehe kwa hiari yako, na ukichukua miaka, chukua. Ukishindwa, nitaelewa, ingawa nitaumia.

Sasa nasikia mbwa anabweka, nadhani unarudi. Nitaiweka hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya vyeti. Usiku huu tutakula kiburu cha ndizi na maharage, tutaongea habari za shangazi, na nitakutazama zaidi ya kawaida. Usiniulize kwa nini.

Na kesho mjomba wako ndiye atakayekupeleka stendi. Nitakwambia goti linauma, halitakuwa linauma. Basi lako linaondoka saa moja, na greda linawashwa saa moja. Nimelipigia hesabu kila namna, hakuna namna ya kuwa kote. Mtoto wangu wa pekee anaondoka nyumbani na sitakuwepo kumpungia mkono, na najua utakaa dirishani uone kila mama wa mwenzako amesimama pale chini. Usinitafute. Saa hiyo nitakuwa migombani mbele ya watu wote, na kabla sijataja masale wala mawe, nitataja jina lako kwanza.

Ni mimi mama yako, niliyehamisha masale.